Ajali za kuanguka ngazini: nani anawajibika kisheria katika hoteli, maduka na majengo ya umma ya Karatu na Ngorongoro

Na Mwandishi Wetu, Karatu

Mtu anapoteleza ngazini na kuvunjika mguu au nyonga, jambo la kwanza ni matibabu. Swali la nani anapaswa kubeba gharama na hasara zinazofuata huja baadaye, na mara nyingi huja kwa kuchelewa. Wapo wanaoamini kuwa kuanguka ni bahati mbaya isiyo na mwenyewe. Wengine huamini kuwa mwenye jengo hulipa kwa kila anayeanguka ndani ya jengo lake. Sheria za Tanzania hazikubaliani na imani yoyote kati ya hizo mbili.

Makala haya yanaeleza misingi ya wajibu wa kisheria kwa ajali za kuanguka ngazini, hatua za kuchukua na muda uliowekwa. Yanawahusu wamiliki wa nyumba za kulala wageni, wapangaji wa maduka, wafanyakazi wa hoteli, watalii na wananchi wanaofuata huduma katika ofisi za umma.

Mazingira ya Karatu na Ngorongoro

Mji wa Karatu ndio lango la wageni wengi waendao Hifadhi ya Ngorongoro kupitia geti la Lodoare. Kwa sababu hiyo umejaa hoteli, nyumba za kulala wageni, migahawa na majengo ya biashara yenye ghorofa. Ndani ya hifadhi, ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hoteli zilizojengwa kwenye miteremko yake hutegemea ngazi za mawe, za saruji au za mbao kuunganisha mapokezi, vyumba na kumbi za chakula.

Asubuhi nyingi ukungu hufunika ukingo huo na kuacha vipandio vikiwa vimelowa hata kama mvua haikunyesha. Karatu nako, udongo mwekundu hugeuka tope wakati wa masika, hunata kwenye soli za viatu na kuingizwa hadi ndani ya majengo. Hali hizi zinajulikana kwa kila anayeendesha shughuli katika wilaya hizi mbili. Kisheria jambo hilo lina uzito, kwa kuwa hatari inayojulikana au inayotabirika ndiyo inayotarajiwa kuzuiwa.

Chanzo cha sheria

Madai ya mgeni au mteja aliyeumia kwa uzembe wa mwingine yanaangukia katika sheria ya madhara, ambayo kwa sehemu kubwa haikutungwa na Bunge bali imetokana na uamuzi wa mahakama. Sheria ya Matumizi ya Sheria na Mamlaka ya Mahakama, Sura ya 358, inaziruhusu mahakama za Tanzania Bara kutumia kanuni za sheria ya mapokeo ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyofaa mazingira ya nchi na wakazi wake. Uamuzi uliotolewa Uingereza baada ya tarehe hiyo haufungi mahakama zetu, ingawa unaweza kuzishawishi.

Mashauri mawili ya zamani yanaonyesha mwelekeo wa kanuni hizo. Mwaka 1866, katika shauri la Indermaur dhidi ya Dames, fundi wa mitambo ya gesi alikwenda kikazi katika kiwanda cha sukari jijini London na akatumbukia katika shimo lililokuwa wazi kwenye ghorofa ya juu. Mahakama ilieleza kuwa mtu aliyeingia katika jengo kwa shughuli yenye manufaa kwa mwenye jengo, naye akiwa mwangalifu kwa upande wake, anastahili kutarajia kuwa mwenye jengo atachukua uangalifu wa kutosha kumkinga na hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenye jengo anaijua au alipaswa kuijua.

Mwaka 1893, katika shauri la Miller dhidi ya Hancock, mtu aliyemfuata mpangaji kwa shughuli za kikazi alianguka kwenye ngazi iliyochakaa. Ngazi hiyo ilitumiwa na wapangaji wote, na mwenye nyumba ndiye aliyeendelea kuwa nayo mikononi mwake. Mwenye nyumba alionekana kuwajibika. Hata hivyo, katika shauri la Fairman lililoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza miaka ya mwanzo ya 1920, mwanamke ambaye kisigino chake kilinasa katika sehemu iliyolika ya ngazi ya saruji alishindwa, kwa kuwa kasoro ilikuwa wazi kwa yeyote anayetazama. Uingereza ilitunga sheria mahsusi ya wajibu wa mkaaji wa jengo mwaka 1957, na Kenya inayo yake, Sura ya 34.

Mashauri hayo yanaacha maswali yanayoulizwa hadi leo. Je, ngazi ilikuwa mikononi mwa nani? Je, hatari ilijulikana au ilipaswa kujulikana? Je, hatua za kutosha zilichukuliwa? Na je, aliyeanguka alikuwa mwangalifu?

Mwenye dhamana ya ngazi

Wajibu humfuata mtu mwenye mamlaka juu ya eneo, si lazima mtu ambaye jina lake liko kwenye hati ya kiwanja. Chukua mfano wa jengo la ghorofa mbili katika mji wa Karatu. Chini kuna duka la vifaa vya ujenzi, juu kuna saluni na ofisi, na ngazi ya nje inatumiwa na wote. Ikiwa mkataba wa pango umewapa wapangaji vyumba tu, ngazi imebaki kwa mwenye jengo, naye ndiye mwenye wajibu wa kwanza wa kuitunza. Lakini ikiwa mwenye saluni ameweka vigae vinavyoteleza kwenye vipandio vya ndani ya eneo lake, mteja wake atamdai yeye.

Katika hoteli, anayewajibika kwa kawaida ni kampuni inayoendesha hoteli, hata kama jengo ni la mtu mwingine. Kampuni pia hubeba makosa ya wafanyakazi wake waliyoyafanya wakiwa kazini. Mhudumu aliyepiga deki ngazi na kuondoka bila kuweka alama ya tahadhari ametenda uzembe, na mwajiri wake anaweza kudaiwa kwa uzembe huo.

Fundi, mhandisi au mkandarasi naye anaweza kuingizwa katika madai pale kasoro inapotokana na usanifu au ujenzi, kwa mfano vipandio vyenye vimo visivyolingana au kishikio kilichofungwa kwa misumari dhaifu. Ndiyo maana wananchi wanahimizwa kutumia wataalamu waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kupata kibali cha ujenzi kabla ya kuanza kazi.

Mgeni aliyeanguka anapaswa kuthibitisha nini

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaweka mzigo wa kuthibitisha kwa anayedai. Kipimo katika mashauri ya madai si kile cha jinai. Mahakama hupima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Mdai anapaswa kuonyesha mambo manne: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake; kwamba alikiuka wajibu huo; kwamba ukiukaji ndio uliosababisha ajali; na kwamba amepata madhara.

Jambo la tatu ndilo linalowashinda wengi. Kuonyesha kuwa ngazi haikuwa na kishikio hakutoshi ikiwa mdai aliteleza kwa sababu alikuwa akikimbia huku akiwa amebeba mizigo mikono yote miwili, kiasi kwamba hata kishikio kingekuwepo asingekishika. Vilevile, kuwa na taa iliyoungua hakumfanyi mwenye jengo awajibike ikiwa ajali ilitokea saa sita mchana. Kasoro inayolalamikiwa lazima iwe ndiyo iliyomwangusha mtu.

Mahakama pia huangalia muda ambao hatari ilikuwepo. Maji yaliyomwagika dakika moja kabla ya ajali ni tofauti na kipandio kilichovunjika ambacho wafanyakazi wamekiruka kwa miezi mitatu. Kadiri hatari inavyokaa bila kushughulikiwa, ndivyo utetezi wa kutojua unavyodhoofika.

Tangazo la ukutani lisemalo kuwa uongozi hauwajibiki kwa ajali lisichukuliwe kuwa kinga kamili. Mahakama huyasoma maneno ya aina hiyo kwa ukali dhidi ya aliyeyaandika, na huuliza kama mgeni aliyaona na kuyakubali kabla ya ajali. Tangazo lenye manufaa zaidi ni lile linaloonya kuhusu hatari yenyewe, mahali ilipo, kwa maandishi yanayosomeka na kwa lugha ambazo wageni wanazielewa.

Uzembe wa aliyeanguka

Mwenye jengo anaweza kujitetea kwamba aliyeanguka naye alichangia. Kwa mujibu wa Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Ajali za Vifo na Masharti Mengineyo), Sura ya 310, mchango wa mdai haufuti madai yake, bali hupunguza fidia kulingana na sehemu ya kosa lake. Kwa mfano, mahakama ikiona kuwa hasara ni shilingi milioni 10 na mdai amechangia kwa asilimia 30, atapata shilingi milioni 7. Ulevi, viatu visivyofaa, kutumia simu wakati wa kushuka na kupuuza kizuizi kilichowekwa ni mambo yanayoweza kuhesabiwa.

Kwa upande mwingine, kiwango cha uangalifu hupanda kulingana na watu wanaotarajiwa. Hoteli inayopokea wazee, au shule yenye watoto, haiwezi kujitetea kwa kusema kuwa kijana mwenye nguvu asingeanguka. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike kwa watu wenye ulemavu. Njia ya mteremko na vishikio imara ni sehemu ya utekelezaji wake.

Mfanyakazi anapoanguka akiwa kazini

Mhudumu wa vyumba, mpishi, mbeba mizigo au mlinzi aliyeanguka ngazini akiwa kazini yuko katika nafasi tofauti na mgeni. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2015 na unaowahusu waajiri wa sekta binafsi na ya umma Tanzania Bara. Mfanyakazi halazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Kinachotakiwa ni kuonyesha kuwa ajali imetokana na kazi na imetokea akiwa katika kutekeleza kazi hiyo.

Mafao ya Mfuko ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, huduma za utengamao, malipo kwa ajili ya mtu anayemhudumia mgonjwa, msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi wa mfanyakazi aliyefariki. Michango hulipwa na mwajiri peke yake. Ni kosa kumkata mfanyakazi sehemu ya mshahara kwa ajili ya mchango huo.

Mfanyakazi anatakiwa kumjulisha mwajiri mara tu ajali inapotokea, na mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba tangu apate taarifa hiyo. Vibarua wanaoajiriwa msimu wa watalii wahakikishe majina yao yamo katika orodha ya malipo na wabaki na nakala ya mkataba. Asiye na maandishi yoyote hulazimika kwanza kuthibitisha kuwa alikuwa mwajiriwa, kabla hata ya kuzungumzia jeraha.

Sambamba na hilo, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kusajili eneo la kazi na kuhakikisha njia salama za kuingilia na kutokea. Usimamizi wake uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ambao wakaguzi wake wana mamlaka ya kuingia maeneo ya kazi na kuagiza kasoro zirekebishwe. Mfanyakazi anayeona ngazi hatarishi hana haja ya kusubiri mtu aumie. Anaweza kutoa taarifa kwa mwajiri, kwa mwakilishi wa usalama na afya, au kwa ofisi ya OSHA Kanda ya Kaskazini, Arusha.

Ajali katika jengo la umma: notisi ya siku 90

Hapa ndipo madai mengi ya haki hupotea kwa sababu za kiutaratibu. Mwananchi aliyeanguka katika ngazi za ofisi ya halmashauri, soko, hospitali ya umma au jengo la wakala wa Serikali anaongozwa na Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Sheria hiyo inamtaka atoe notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 90 kwa taasisi husika, akieleza msingi wa madai yake, na kupeleka nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Baada ya muda huo kupita ndipo anaweza kufungua shauri Mahakama Kuu.

Kufuatia marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huo unahusu pia serikali za mitaa, wakala na mashirika ya umma, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kama mdaiwa. Kwa hiyo, ajali iliyotokea katika jengo la Halmashauri ya Wilaya ya Karatu, au katika jengo linalosimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro (NCAA), itafuata njia hii. Ajali iliyotokea katika hoteli ya kampuni binafsi iliyomo ndani ya hifadhi haihitaji notisi hiyo, kwa kuwa mdaiwa si Serikali, hata kama ardhi iko chini ya Mamlaka.

Shauri lililofunguliwa bila notisi au bila kumuunganisha Mwanasheria Mkuu huondolewa mahakamani kabla ya ushahidi kusikilizwa. Mdai hulazimika kuanza upya huku muda wa ukomo ukiendelea kumkimbiza.

Muda wa ukomo

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai yanayotokana na madhara. Aliyeanguka tarehe 10 Machi 2025, kwa mfano, anapaswa kuwa amefungua shauri kabla ya tarehe 10 Machi 2028. Mazungumzo na hoteli au na kampuni ya bima hayasimamishi muda huo. Meneja anaweza kuahidi kwa nia njema kwamba jambo linashughulikiwa, lakini ahadi yake haizuii mahakama kulikataa shauri lililofunguliwa nje ya muda. Kwa taasisi ya umma, notisi ya siku 90 itolewe mapema, na isiachwe hadi mwaka wa tatu.

Fidia na ushahidi

Fidia iko katika makundi mawili makuu. Hasara mahsusi ni fedha zilizotoka au kupotea na zinazohesabika: dawa, upasuaji, usafiri kutoka Endulen au Loliondo kwenda hospitali ya rufaa, mishahara iliyopotea. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kuwa hasara hizi lazima zitajwe moja moja katika hati ya madai na zithibitishwe kikamilifu. Shilingi isiyo na ushahidi hailipwi. Fidia ya jumla ni kwa ajili ya maumivu, usumbufu na kupungukiwa na uwezo wa kufurahia maisha, na kiwango chake hupangwa na mahakama. Aliyeanguka akifariki, sheria ya Sura ya 310 inawezesha madai kwa niaba ya wategemezi wake.

Kwa kuwa ushahidi wa ajali ya ngazini hutoweka haraka, kwani maji hukauka na kipandio hutengenezwa kesho yake, hatua zifuatazo zichukuliwe mapema:

1. Kupata matibabu kwanza. Aliyeumia kichwa, shingo au mgongo asiinuliwe kiholela.
2. Kupiga picha za ngazi, mwanga, kishikio na viatu vilivyovaliwa, siku hiyohiyo inapowezekana.
3. Kuandika majina na namba za simu za walioshuhudia, wakiwamo madereva na waongoza watalii ambao huondoka siku inayofuata.
4. Kutoa taarifa kwa uongozi wa jengo kwa maandishi na kubaki na nakala iliyopokelewa kwa saini.
5. Kutunza taarifa ya daktari, picha za eksirei na stakabadhi zote za malipo.
6. Kutosaini karatasi inayosema madai yamekwisha kabla ya kujua ukubwa wa jeraha na kupata ushauri wa kisheria.

Wajibu wa wenye majengo

Mahakama haimtaki mwenye jengo azuie kila ajali. Inamtaka afanye kile ambacho mtu makini angefanya katika mazingira yake. Kwa hoteli iliyo ukingoni mwa kreta, hilo linaweza kumaanisha vipandio vyenye ukwaruzo, taa zinazowaka usiku kucha na chanzo mbadala umeme unapokatika, kishikio kinachofika mwisho wa ngazi, na ukaguzi wa kila asubuhi wakati wa ukungu. Kwa duka la Karatu mjini, linaweza kumaanisha mkeka wa kufutia tope mlangoni na rangi inayoonyesha ukingo wa kila kipandio.

Daftari la ukaguzi lenye tarehe na saini ni utetezi bora kuliko maneno, kwa sababu linaonyesha kilichofanyika kabla ya ajali. Bima ya dhima kwa umma nayo humlinda mfanyabiashara mdogo asifilisike kwa jeraha moja, na humhakikishia aliyeumia kuwa hukumu atakayopata italipika.

Mahali pa kupata msaada

Shauri dhidi ya mtu au kampuni binafsi hufunguliwa katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kulingana na kiwango cha madai, na hupitia usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Mashauri mengi yanaweza kumalizika katika hatua hiyo bila kupoteza muda wa pande zote. Wasio na uwezo wa kumlipa wakili wanaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na pia kutumia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023.

Wananchi wanakumbushwa kuzingatia namba tatu: siku saba kwa mwajiri kutoa taarifa WCF, siku 90 za notisi kwa taasisi ya umma, na miaka mitatu ya kufungua shauri. Wenye majengo nao wanahimizwa kukagua ngazi zao kabla ya msimu wa mvua, kwani gharama ya kishikio na taa ni ndogo kuliko fidia ya nyonga iliyovunjika.